Tonge Moja, Dakika Moja

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa watu waliowekewa mkanda wa tumbo, ule wa kupunguza uzito, na familia zao. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke.

Mheshimiwa mwenyekiti, madaktari wetu na wauguzi, ndugu zangu wenye mkanda na mnaosubiri kuwekewa, na ninyi mliokuja kuwasindikiza watu wenu, nawasalimu nyote.

Siku ya tisa baada ya upasuaji shangazi yangu alikuja kunijulia hali. Alinikuta sebuleni nimeshika bakuli la supu iliyochujwa mpaka imefanana na maji ya kuoshea vyombo, naichota kwa kijiko cha chai. Akanitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Vumilia, baba. Mvumilivu hula mbivu." Nikamjibu, "Shangazi, hizo mbivu zenyewe nimekatazwa mpaka mwezi ujao." Alicheka yeye. Mimi sikucheka, maana kucheka kulivuta nyuzi.

Nimepangiwa kuzungumzia subira. Walionipangia wananifahamu vizuri, kwa hiyo nadhani walikusudia utani. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kufunga hesabu mwisho wa mwezi, na hesabu isiyofungika huninyima usingizi. Mkanda nao niliuendea hivyo hivyo: kilo kadhaa zinatakiwa zitoke, zigawanye kwa miezi, kila mwezi ulete mgawo wake. Mizani niliinunua siku moja kabla ya kulazwa. Nilijipima asubuhi, nikajipima mchana, nikajipima tena kabla ya kulala. Mke wangu aliificha mara mbili. Kwa hiyo haya ninayoyasema msiyachukue kama maneno ya mtu aliyejaliwa uvumilivu. Mimi nililazimishwa.

Kwa wageni, nieleze kwa ufupi kitu chenyewe. Ni pete ya silikoni inayozungushwa sehemu ya juu kabisa ya tumbo, na juu yake hubaki kifuko kidogo cha kama mililita 15 hadi 30, yaani kijiko kimoja au viwili vya mezani. Upande wa ndani pete ina puto linaloweza kujazwa. Mrija mwembamba unatoka hapo hadi kwenye kidude kilichoshonewa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari akikichoma kidude hicho kwa sindano maalumu anaweza kuongeza maji ya chumvi, pete ikabana, au akayatoa, ikalegea. Hakuna kipande cha tumbo kilichokatwa wala utumbo uliohamishwa njia. Daktari mpasuaji wa Marekani, Lubomyr Kuzmak, alianza kutumia pete ya kurekebishwa namna hii mwaka 1986. Kisha Septemba 1993, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, Mitiku Belachew, mpasuaji mzaliwa wa Ethiopia, akaiweka kwa mara ya kwanza kwa upasuaji wa matundu madogo. Napenda kulitaja jina hilo la pili, kwa sababu watu wengi wanaobeba kazi ya mikono yake hawajawahi kulisikia.

Pete ya kurekebishwa. Neno hilo niliambiwa kabla ya upasuaji, nikaitikia kwa kichwa, nikalisahau. Nilijua nitaingia chumba cha upasuaji mnene na kutoka nikiwa njiani kuelekea wembamba, kama mtu aliyepanda basi. Kumbe upasuaji ni kufunga kifaa tu. Kukirekebisha kikukae sawasawa ni kazi nyingine, na kwangu ilichukua mwaka mmoja na miezi minne.

Wengi mnaijua miezi ya mwanzo. Vinywaji vitupu, halafu vyakula vilivyopondwa, halafu laini, kila hatua na majuma yake kadiri timu yako ilivyokupangia. Wakati huo kilo zinatoka, kwa sababu huli. Unajiona bingwa. Uvimbe wa ndani nao unasaidia kubana. Kisha unaruhusiwa chakula cha kawaida, uvimbe umeshaisha, pete haijajazwa au ina maji kidogo mno, na njaa inarudi. Inarudi ileile ya zamani, na hata sauti yake unaitambua. Mizani inasimama, na wengine inapanda. Hapo ndipo watu hulia kwenye simu: "Mkanda wangu haufanyi kazi."

Haufanyi kazi kwa sababu haujaanza kazi. Madaktari wengi husubiri kama wiki 4 hadi 6 kabla ya kuujaza mara ya kwanza, ili mahali ulipofungwa papone na pete itulie palepale ilipowekwa. Kutapika na kukabwa mapema kunaweza kuusogeza. Kwa hiyo majuma yale ambayo unaona hakuna kinachotokea, mwili unajenga kovu la kuishikilia pete. Mimi hilo sikuelezwa mpaka nilipouliza kwa hasira, na nilipoelezwa hasira ikapungua. Mtu akijua anachosubiri, kusubiri kunakuwa kwepesi. Enyi madaktari mliopo, tuelezeni sababu. Kutuambia "kuwa na subira" peke yake ni kutupa kazi bila vifaa.

Sasa niseme juu ya kosa langu, kwa sababu ndilo lililonileta hapa mbele.

Kama watu wengi, niliamini kwamba mkanda ni mlango. Chakula kinafika, mlango mwembamba, kinazuiwa, unashiba. Ukiamini hivyo, jambo moja tu litakuja akilini kila unapohisi njaa, nalo ni kwamba mlango uko wazi mno, ubanwe. Lakini pete iliyorekebishwa vizuri haikusudiwi kuzuia chakula. Tonge likishatafunwa barabara, umio unalisukuma, mara mbili, tatu, hata sita, mpaka lipenye kwenye pete na kuteremka. Kila linapopita linakandamiza ukuta wa tumbo pale juu, na mkandamizo huo unapelekwa na mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo: inatosha. Safari ya tonge moja inaweza kuchukua dakika nzima. Ukimeza la pili kabla la kwanza halijapita, unapanga foleni mahali pasipo na nafasi ya foleni.

Kwa hiyo tonge moja, dakika moja. Tonge lenyewe liwe dogo, kama ncha ya kidole chako cha mwisho, litafunwe mpaka lipoteze umbo. Baada ya dakika ishirini hivi weka kijiko chini hata kama sahani ina kitu. Ni maelekezo rahisi kuyasema. Jaribu kuyafuata ukiwa umetoka kazini umechoka, watoto wanakusimulia mambo ya shule, na wewe umezoea tangu utotoni kula kama anayekimbizwa.

Mimi niliyapuuza, na nilijazwa mara ya kwanza, mara ya pili, njaa bado ipo. Ipo kwa sababu nilikuwa nakula haraka, chakula kinanikwama, nakicheua, naanza upya. Kwenda kliniki mara ya tatu nilimwambia daktari kwamba nasikia njaa mchana kutwa. Ulikuwa uongo. Nilisikia njaa saa mbili usiku, nikiwa mbele ya televisheni, na hata hiyo sina hakika kama ilikuwa njaa. Akaniuliza kama kuna chakula kinachokwama. Nikasema hakuna. Uongo wa pili. Akaniambia tungeweza kusubiri wiki mbili tuone. Nikabishana naye, mimi mhasibu, juu ya tumbo, naye ni mpasuaji! Mwishowe akaongeza nusu mililita. Nusu tu. Nilitoka nikipiga mluzi.

Jumapili iliyofuata tulikuwa mezani na wageni. Nilikata kipande cha nyama ya kuku, mnofu mkavu wa kifuani, nikakitafuna mara tano au sita huku naongea. Kikashuka, kikasimama. Waliowahi kukwama wanajua ninachosema. Linaanza kama ngumi ndogo nyuma ya mfupa wa kifua. Halafu mate yanajaa mdomoni, si mate ya kawaida, ni ute mzito unaovutika kama gundi, na huwezi kuumeza kwa sababu hauna pa kwenda. Nikanyanyuka kimya kimya. Kwenye njia nikanywa maji ili kukisukuma, ujinga mkubwa, maana maji nayo yalikaa juu yake na yakarudi yote kwa pamoja. Nilikaa bafuni dakika arobaini nimeinamia sinki, natema, nasikiliza vicheko vya wageni. Mwanangu wa kike akabisha mlango: "Baba, uko salama?" Nikasema niko salama.

Baada ya hapo chakula kigumu hakikupita tena. Vilivyopita ni vile vinavyoyeyuka: aiskrimu, chokoleti, biskuti zilizolowekwa, maziwa yenye sukari. Mkanda hauna habari na kitu kinachomiminika. Nilikuwa nimebanwa kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na ndani ya wiki tano niliongezeka kilo mbili. Jambo hilo mtu akikuambia hulielewi mpaka likupate: pete ikibana kupita kiasi unanenepa, kwa sababu inakufukuza kwenye chakula kinachoshibisha na kukusukuma kwenye sukari laini.

Usiku ulikuwa mbaya zaidi. Nikilala chali kiungulia kinapanda mpaka kooni, nashtuka nakohoa, kikohozi kikavu kisicho na mafua. Nikaongeza mto, nikaongeza mwingine, mwishowe nikawa nalala nimekaa. Mke wangu alidhani ni kifua. Mimi nilishajua. Kwenye karatasi niliyopewa siku ya kutoka hospitali kikohozi cha usiku kilikuwa kimeandikwa waziwazi kwamba ni dalili ya pete kubana mno. Niliisoma karatasi hiyo, nikaikunja, nikairudisha kwenye droo, kwa sababu mimi ndiye niliyedai kubanwa. Nikajiambia ndiyo subira hiyo, navumilia.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoliharibu neno lenyewe. Uvumilivu wa kungoja pete ipate kipimo chake ni kitu kimoja. Kuvumilia maumivu kwa aibu ni kitu kingine kabisa, na kinaweza kukuumiza vibaya. Kifuko cha juu kinaweza kutanuka, umio nao ukatanuka, tumbo likateleza chini ya pete na kutoka mahali pake. Usiposhusha hata maji, hata mate yako mwenyewe, usisubiri kesho. Ukitapika mfululizo, ukishikwa na maumivu makali ya tumbo au kifua, ukipata homa au mahali pa kidude pakawa pekundu, pamevimba na panauma, piga simu siku hiyohiyo, na wasipopatikana nenda hospitali, uwaambie una mkanda. Kupunguza maji ni kazi ya dakika chache na sindano moja. Hakuna medali ya kukohoa.

Mimi nilikwenda baada ya wiki tano. Daktari hakunisuta, na afadhali angenisuta. Alinipiga picha ya eksirei huku nikinywa dawa nyeupe ili aone inavyopita, akanionyesha kwenye skrini jinsi ilivyosimama juu ya pete kama maji kwenye mfereji ulioziba, ikapenya uzi kwa uzi. Kisha akatoa maji yote. Yote. Nilirudi sufuri, pete tupu kama siku ya kwanza, nikaambiwa tuache tumbo lipumzike wiki kadhaa ndipo tuanze upya kidogo kidogo. Kwa mtu wa hesabu, hiyo ni kufuta kitabu cha mwaka mzima. Lakini nilipofika nyumbani nilikunywa glasi ya maji, ikapita. Nililala chali usiku kucha.

Safari ya pili nilijazwa kwa robo mililita, na kila mara nilipeleka daftari: nimekula nini, kwa dakika ngapi, kimekwama au hakikukwama, nilishiba kwa saa ngapi. Nilipoanza kuandika ukweli niligundua kwamba mara nyingi sikuhitaji kuongezwa chochote. Nilihitaji kutafuna. Kuna ziara mbili nilitoka kliniki bila sindano, na nilifurahi kama niliyeongezwa mshahara.

Kuhusu kasi nitasema kidogo. Kwa mkanda, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Katika vikundi vyetu kuna waliokatwa tumbo na waliogeuzwa njia ya utumbo, na hao hushuka kama jiwe mwaka wa kwanza. Ukijilinganisha nao utaumwa moyo bure. Sisi tunashuka taratibu, na kushuka kunaendelea hadi mwaka wa pili au wa tatu. Kwa wastani watu wenye mkanda hupoteza kati ya asilimia 40 na 50 ya uzito wa ziada, na nasisitiza, ni wa ziada, si wa mwili mzima. Pia sitawaficha: siku hizi mkanda unawekwa kwa watu wachache kuliko zamani, na wapo waliotolewa mkanda baada ya miaka kadhaa kwa sababu uliteleza, uliwachubua ndani au haukuwasaidia. Aliyetolewa mkanda hajashindwa mtihani. Tusimnong'one.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, nguo zilezile. Yangu ni Ijumaa asubuhi. Siku nyingine mizani inakaa juu ya kabati, na safari hii niliipandisha mwenyewe.

Kuna mambo ambayo hayapaswi kungoja hata kidogo, na nayataja kwa sababu watu huyachanganya na subira. Mwenye kisukari au shinikizo la damu, dawa zako huenda zikahitaji kupunguzwa unavyopungua, tena mapema kuliko unavyodhani. Sukari ikishuka mno ni hatari. Vidonge vikubwa vinaweza kukwama, uliza kama kuna vya maji au vya kusaga, usisage kila kidonge kwa uamuzi wako. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni usizimeze bila kuuliza. Kina mama mnaotaka mtoto, zungumzeni kwanza na timu yenu, pete inaweza kulegezwa wakati wa ujauzito. Protini iwe ya kwanza kwenye sahani. Maji kunywa kati ya mlo na mlo, siyo pamoja na chakula. Nywele zikianza kutoka mwezi wa tatu au wa nne, mweleze mtaalamu wako wa lishe. Mara nyingi huota tena.

Na kichwa. Kichwa kinachelewa kuliko tumbo. Nilikuwa nimepungua kilo ishirini na mbili bado napita ubavu ubavu kati ya viti viwili ambavyo mtu wa kawaida angepita akitembea. Siku moja nilisimama nyuma ya mtu kwenye kioo cha duka nikamsubiri aondoke nijitazame, kumbe ni mimi. Nilichekwa na muuzaji. Saa mbili usiku bado inafika, televisheni ipo, mikono inatafuta kitu. Pete haijui kitu juu ya upweke wala uchovu. Kwangu mimi kilichosaidia ni kuzungumza na mshauri, na kuhamia kiti kingine sebuleni. Msicheke, kile kiti cha zamani kilikuwa na harufu ya karanga.

Neno kwa waliosindikiza. Msituhesabie matonge. Msiulize mezani "umepungua ngapi?" Tukinyanyuka ghafla msitufuate mkipiga kelele, lakini abisheni mlango, kama mwanangu alivyobisha, na tukisema tuko salama kwa sauti isiyo salama, msiondoke.

Kuna mama aliniuliza pale mlangoni kabla sijapanda hapa, "Baba, wewe ulizoea baada ya muda gani?" Nilimwambia nitamjibu nikisimama. Mama, uko wapi? Nakuona. Kula bila kufikiri kila tonge, ilikuwa mwezi wa kumi na nane hivi. Kuku mkavu, bado. Tuna miaka sita sasa, mimi na pete, na kuku mkavu nimemwachia mke wangu.

Naona mwenyekiti anatazama saa, na kule nyuma chakula kimeshafunuliwa. Vinywaji wameviweka meza ya mbali, aliyepanga anatufahamu. Tangulieni. Mkimaliza mkinikuta bado nimekaa na nusu sahani, msikusanye vyombo.